Tumbawe Linapougua Tangini: Mwongozo Kamili wa Kulichunguza na Kuliokoa

Kuanzia Februari, kaskazi inapokaza joto, napokea picha zilezile kutoka kwa wanaofuga matumbawe nyumbani katika matangi ya kioo: tumbawe limekuwa jeupe, limejikunyata, na chini yake ujumbe, "Jana nimetia dawa, leo limezidi. Nitie nini tena?" Nimejibu swali hili mtu mmoja mmoja, Unguja na Pemba, na bado matumbawe yanakufa kwa namna ileile. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika yote pahala pamoja.

Hawa wanaoniandikia si wavivu. Wanayapenda matumbawe yao, na kwa mapenzi hayo wanakimbilia kutia kitu. Lakini tumbawe lililopauka kwa joto likichovywa kwenye ayodini linanyang'anywa nguvu ndogo iliyobaki. Na lile linalochubuka nyama kwa maradhi, likiachwa "lipumzike kidogo", huenda lisifike asubuhi. Dalili hizi mbili ukizitazama kwa mbali zinafanana, na kila moja inataka tendo lililo kinyume cha mwenzake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kutazama na kupima. Kutibu kuko mbele, na ni kufupi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kipimajoto cha maji. Mkono si kipimajoto.
- Rifraktomita ya kupimia chumvi.
- Vipimo vya matone vya KH (nguvu ya maji ya kuhimili asidi, inayosomwa kwa digrii), nitrati, fosfeti na amonia. Mwenye matumbawe magumu aongeze vya kalsiamu na magnesiamu. Angalia tarehe ya mwisho. Vipimo vilivyokaa kwenye joto hudanganya.
- Ndoo mbili nyeupe ambazo hazijawahi kuingia sabuni. Nyeupe, ili uone wadudu waliodondoka.
- Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, kwa saa umeme unapokatika.
- Bomba la sindano la mililita 20 au 60, bila sindano yake.
- Plaizi kali ya kukatia, supaglu ya mgando, glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.
- Ayodini ya povidoni ya asilimia 10, ile ya kusafishia vidonda. Isiwe ile yenye povu la sabuni.
- Bekingi soda, mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu, na mkaa maalumu wa kuchujia maji. Mkaa wa jiko usiusogeze karibu.
- Feni.
- Daftari na kalamu.

Kama vyote hivi hukuvipata leo, anza na kipimajoto, rifraktomita, kipimo cha KH na feni. Vinne hivyo vimeokoa matumbawe mengi zaidi ya dawa yoyote niliyowahi kuitumia.

Onyo kabla hujatia mkono: baadhi ya matumbawe laini yanayoota kama vifungo vidogo juu ya jiwe, hasa jamii ya Palythoa, yana sumu kali sana iitwayo palitoksini. Usiyashike bila glavu na miwani, wala ukiwa na mchubuko mkononi. Na usichemshe kamwe jiwe lililotoka tangini, wala kulisugua kwa brashi nje ya maji: sumu hupanda na mvuke au matone, na inaweza kulaza nyumba nzima hospitali.

## Hatua ya 1: Usiguse kitu, tazama

Siku ya kwanza kazi yako ni macho. Piga picha tumbawe kwa mbele, ubavuni na shinani, taa ikiwa nyeupe. Mwanga wa buluu huficha rangi halisi. Kesho utapiga tena pahala palepale, na tofauti ya picha mbili itakwambia kama tatizo linatembea au limesimama. Hilo ni jambo kubwa kuliko jina la ugonjwa.

Kisha rudi usiku, baada ya kupita saa mbili tangu taa kuzimwa, na tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu. Mambo mengi hutokea gizani. Utaona kaa anayechokoa, konokono anayekula, au jirani anayenyoosha mikono mirefu ya kuchoma. Matumbawe yenye vinywa vikubwa, kama Euphyllia na Galaxea, hupigana hivyo usiku, na mchana yanaonekana hayana kosa. Ukiona jeraha upande mmoja tu, ule unaotazamana na jirani, umeshapata jibu. Watenganishe kwa sentimita 15 hadi 20 na usitie dawa yoyote.

Siku hiyohiyo jiulize nini kimebadilika ndani ya wiki mbili zilizopita. Taa mpya? Samaki mpya? Maji ya kujazia kutoka pahala pengine? Nyumba imepuliziwa dawa ya mbu? Dawa hizo zimetengenezwa kuua wadudu, na viumbe wa tangini wasio na uti wa mgongo nao wanaumia. Pampu ya hewa huvuta chochote kilichomo chumbani na kukisukuma majini, kwa hiyo hata chetezo cha udi kiwekwe mbali nayo. Andika kila kitu katika daftari.

## Hatua ya 2: Hakikisha kama lingali hai

Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa. Ndani ya nyama yake huishi vimwani vidogo sana vinavyolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Likielemewa na joto au mwanga linavitoa, na nyama inabaki kama kioo, chokaa nyeupe ya ndani ikionekana. Huku ndiko kupauka. Mwenye nyumba angali ndani.

Tazama kwa ukaribu, na ukiwa na lenzi tumia lenzi. Tumbawe lililopauka lina uso laini unaong'aa kidogo, vinywa vyake vinaonekana, na usiku hutoa mikono midogo. Lililokufa lina uso mkavu wenye kona kali, vishimo vitupu, na baada ya siku chache mwani wa kijani au kahawia huanza kulivika. Mwani hauoti juu ya nyama hai. Pale ulipoota, pale hapana tena mtu.

Sehemu ikiwa imekufa na sehemu iko hai, usilitupe. Kipande cha hai chenye ukubwa wa ukucha kinaweza kukua tena.

## Hatua ya 3: Pima, na uandike

Pima vyote siku moja, saa ileile. Hivi ndivyo viwango ninavyovishika:

- Joto: nyuzi 25 hadi 27. Likipita 29 kwa siku kadhaa, tumbawe linaanza kuumia.
- Chumvi: 35 kwa elfu, yaani gramu 35 katika kila kilo ya maji.
- KH: 7 hadi 9, isiyopanda na kushuka.
- Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Magnesiamu: 1250 hadi 1350.
- Nitrati: 2 hadi 10. Fosfeti: 0.03 hadi 0.1.
- Amonia: sifuri.

Hapa kwenye chumvi nataka tusimame. Rifraktomita isiyorekebishwa ndiyo chanzo cha nusu ya vurugu ninazoziona. Wengi huirekebisha kwa maji matupu, wakaridhika ikisoma sifuri, kumbe kwenye 35 inapotea kwa pointi mbili au tatu. Tengeneza mwenyewe maji ya kurekebishia: pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, ongeza maji safi yaliyochujwa hadi jumla ya uzito ifike kilo moja kamili, koroga mpaka iyeyuke yote. Maji hayo yanapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Dondoshea tone, zungusha skrubu mpaka isome 35, na chupa iliyobaki uifunge vizuri kwa matumizi ya baadaye. Usiyatie tangini.

Nitrati na fosfeti zikisoma sifuri kabisa, usifurahi. Tumbawe nalo linakula. Maji yaliyosafishwa kupita kiasi huleta matumbawe yaliyofifia, yenye ngozi nyembamba, na mwenye tangi akadhani ni taa.

## Hatua ya 4: Soma dalili

Sasa una picha mbili, vipimo na kumbukumbu za wiki mbili. Linganisha.

Limepauka lote kwa pamoja, nyama iko. Ni joto au mwanga, mara nyingi vyote viwili. Hata miamba yetu ilipauka hivyo mwaka 1998 na tena 2016, bahari ilipozidi joto. Nenda Hatua ya 5 na ya 6. Usilichovye katika dawa yoyote na usilikate.

Limekuwa la kahawia, lakini limefunguka. Virutubisho vingi au mwanga mdogo. Hii si dharura. Punguza chakula cha samaki, badilisha maji kwa utaratibu, usiguse kingine.

Nyama inapungua polepole kutoka shinani kwenda juu, wiki kwa wiki. Mara nyingi KH inayumba, au virutubisho vimekwisha. Pima KH kila siku kwa siku saba, saa ileile. Ikiruka kwa zaidi ya digrii moja kati ya siku na siku, mwizi wako ni huyo.

Nyama inachubuka na kuondoka kwa saa au siku mbili, ikiacha chokaa tupu. Hii ni dharura ya kweli, na huonekana zaidi kwenye matumbawe ya matawi. Sijaona dawa ya kuisimamisha yenye uhakika. Nenda moja kwa moja Hatua ya 7 na ukate vichwa vilivyo salama leo, si kesho.

Ute wa kahawia kama uji mzito, wenye harufu ya kuoza, umekaa juu ya kinywa. Unasambaa haraka kwa majirani. Zima pampu zote kwanza, maana mkondo ndio unaoubeba. Unyonye kwa bomba la sindano, litoe tumbawe, nenda Hatua ya 7.

Limefunga, rangi haijabadilika. Kama ni tumbawe laini la ngozi, lile linaloonekana kama uyoga, tazama kama lina utando unaong'aa kama nta. Linajivua ngozi. Linaweza kukaa hivyo wiki moja au mbili. Lielekezee mkondo wa maji utando uondoke, usilisugue. Dada mmoja wa Kikwajuni alitaka kulitupa lake siku ya tisa. Nilimwomba avumilie, na siku ya kumi na mbili lilifunguka lote.

## Hatua ya 5: Rekebisha maji, taratibu

Tumbawe gonjwa linaweza kuishi katika maji mabaya kwa wiki kadhaa. Haliwezi kuvumilia maji yanayobadilika ghafla. Nalisema hili kwa uchungu: nilipoteza tumbawe langu la pembe kwa siku mbili kwa sababu nilikuta KH ni 6, nikaipandisha hadi 10 kwa usiku mmoja. Kwa 6 lilikuwa linadhoofika, lakini lilikuwa hai.

Mipaka ninayoishika tangu siku hiyo: chumvi isibadilike kwa zaidi ya pointi moja kwa siku, joto kwa zaidi ya nyuzi moja kwa siku, KH nusu digrii kwa siku kwa tumbawe gonjwa, digrii moja kwa lenye afya. Na jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu, likipona hutajua lililolitibu, likifa hutajua lililoliua.

### Maji ya kujazia

Maji yanayopotea kwa mvuke huacha chumvi nyuma, kwa hiyo unajazia maji matamu, siyo ya bahari. Sasa uyatoe wapi? Hapa ndipo visiwani kwetu tunapoangukia.

Maji ya kisima yamepita kwenye mawe ya chokaa, na mjini yamepita pia karibu na makaro. Yana ugumu, yana nitrati, na visima vya karibu na ufuko vina chumvi yake. Ya mvua yaliyoteremka kwenye bati yamebeba zinki. Yanayodondoka kutoka kiyoyozi yanaonekana safi kuliko yote, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba, hata kidogo sana, ni sumu kwa matumbawe. Kijana mmoja wa Chake Chake alikuwa akijazia hayo kwa miezi, akiyaona kama neema.

Tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayoyasukuma maji kupitia utando mwembamba sana, bila madini yaliyoongezwa. Yapime kwa kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini. Kisome sifuri au karibu yake. Jazia kidogo kila siku, usingoje Ijumaa hadi Ijumaa.

### Maji ya bahari

Tuna bahati ambayo wafugaji wa matumbawe wa bara hawana: bahari iko mlangoni. Lakini si kila maji ya bahari yanafaa.

Usiteke karibu na bandari ya Malindi, Funguni, wala pahala palipo na mabomba ya maji machafu. Usiteke ndani ya hori la Chake Chake au Wete, kwa sababu tope la mikoko na maji ya mito hukaa humo. Usiteke mvua za masika zinaponyesha. Chumvi ya ufukweni hushuka na takataka za nchi kavu huteremka. Ngoja siku kadhaa za jua.

Wakati mzuri ni maji yanapojaa, karibu na kilele, bahari ikiwa imetulia. Bora zaidi, mwombe mvuvi anayetoka nje ya mwamba akutekee huko. Mpe madumu mapya ya lita 20, kwa kuwa dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia halitakati, hata ulioshe mara kumi.

Yakifika nyumbani, yapitishe kwenye kitambaa cheupe cha marekani kilichofuliwa kwa maji matupu. Kanga usitumie, ina rangi. Yafunike, yaweke gizani wiki mbili, kisha vuta ya juu kwa mpira na uyaache mashapo ya chini. Giza huua vijidudu vingi vinavyoelea na kuyafanya mabaki yatue. Pima chumvi na joto kabla ya kuyamimina.

### Kubadilisha

Badilisha asilimia 10 hadi 15 kila siku ya tatu. Wengi wanakata tamaa wakiona nitrati imeshuka kidogo tu mara ya kwanza. Hesabu yake ndivyo ilivyo: nitrati ikiwa 40, asilimia 15 inakuacha na 34. Lakini mabadiliko matano ya namna hiyo yanakufikisha karibu 18, bila tumbawe kushtuka. Weka pia mkaa wa kuchujia, uliosuuzwa vizuri, kwa wiki moja hadi mbili, hasa kama unashuku dawa ya mbu au matumbawe laini yanayotoa kemikali kwa jirani.

### Kupandisha KH

Gramu 3 za bekingi soda hupandisha KH ya lita 100 za maji kwa takriban digrii moja. Kwa tumbawe gonjwa, anza na gramu 1.5. Yeyusha katika lita moja ya maji yaliyochujwa, mimina kidogo kidogo pale mkondo ulipo na nguvu, mbali na matumbawe. Hesabu maji yaliyomo kweli: tangi la lita 100 lenye mawe na mchanga huenda lina lita 80 tu.

Bekingi pauda siyo bekingi soda. Ina asidi na wanga ndani yake. Magadi ya kupikia nayo usitumie, maana hujui yamebeba nini.

Dalili kwamba umefanikiwa hapa: vipimo vya siku tano mfululizo vinakaribiana, na maji hayana harufu. Tumbawe huenda bado halijabadilika. Usiongeze kitu.

## Hatua ya 6: Joto na mwanga

Feni inayopuliza juu ya maji, kifuniko kikiwa kimeondolewa, hushusha nyuzi 2 hadi 3 kwa njia ya mvuke. Siku za unyevu mwingi inapungua nguvu. Maji ya kujazia yatatakiwa zaidi, kwa hiyo pima chumvi kila siku.

Siku ya joto kali tumia chupa ya nusu lita iliyogandishwa, ikiwa imefungwa vizuri. Moja hushusha lita 100 kwa takriban nusu ya nyuzi. Usitie barafu tupu, na usitie chupa nne kwa pamoja.

Hamisha tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri, au weka pazia zito. Punguza nguvu ya taa kwa theluthi na muda wake uwe saa sita hadi saba. Tumbawe lililopauka limepoteza kivuli chake cha ndani. Mwanga uliokuwa ukilinawirisha sasa unaliunguza. Njia nyepesi kwa taa isiyo na rimoti ni kulishusha tumbawe chini ya tangi, pembeni. Pahali pake papya pawe na mkondo wa wastani unaogeuka, usiwe wa kulipiga usoni.

## Hatua ya 7: Kuchovya na kukata

Hatua hii ni ya maradhi yanayotembea, ute wa kahawia, na wadudu tu. Tumbawe lililopauka bila jeraha halihusiki.

1. Nawa mikono mpaka viwikoni kwa maji matupu, vaa glavu na miwani. Losheni, mafuta ya nazi, na zaidi ya yote mafuta ya karafuu yasiingie majini. Nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja Pemba kama karafuu inaweza kutibu tumbawe, kwa vile inatibu jino. Inalevya samaki na inalidhuru tumbawe.

2. Jaza ndoo mbili kwa maji ya tangi hilohilo. Ya kwanza ya kuchovya, ya pili ya kusuuzia.

3. Kama nyama inachubuka, kata kwanza. Kata sentimita moja ndani ya sehemu nzima, si kwenye mpaka, kwa sababu maradhi yameshavuka mpaka unaouona. Fanya kwa pigo moja. Kutafuna kwa plaizi butu kunachana nyama.

4. Tia ayodini kwenye ndoo ya kwanza tone kwa tone, ukikoroga, mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Chovya dakika 5 hadi 10. Lipulizie kwa bomba la sindano pande zote. Tazama chini ya ndoo: minyoo bapa na vijidudu vingine huenda vikadondoka.

5. Suuza kwenye ndoo ya pili kwa dakika moja. Maji ya ndoo zote mbili yasirudi tangini.

6. Bandika kipande juu ya jiwe dogo kwa supaglu ya mgando na uzibe kidonda cha chokaa kwa gundi hiyohiyo. Kiweke peke yake, ikiwezekana katika tangi dogo lenye pampu ya hewa, siku saba hadi kumi.

Mayai ya wadudu hayafi kwa kuchovya. Kama uliona minyoo, rudia baada ya siku saba, mara tatu.

Dalili kwamba umefanikiwa: siku ya tatu ukingo wa nyama haujarudi nyuma. Hapo ndipo unapoweza kupumua.

## Hatua ya 8: Lishe

Tumbawe lililopoteza vimwani vyake lina njaa. Kwa wenye vinywa vikubwa, chukua kipande cha kamba mbichi asiye na chumvi wala ndimu, msage laini mno, msuuze kwenye kichujio cha chai ili ule urojo uondoke. Zima pampu, na nusu saa baada ya taa kuzimwa, mikono ikitoka, lidondoshee kidogo kwa bomba la sindano. Ukubwa wa punje ya mchele kwa kila kinywa unatosha. Dakika ishirini baadaye washa pampu na uondoe kilichobaki.

Mara mbili kwa wiki, si zaidi. Likitema, usilazimishe. Matumbawe ya vinywa vidogo hayamudu vipande; yape chakula cha unga laini kilichokorogwa majini, au viumbe wadogo wa artemia waliototolewa leo.

## Hatua ya 9: Kusubiri, na kulirudisha juu

Nyama huanza kuvimba na kufunguka ndani ya wiki moja au mbili baada ya maji kutulia. Rangi huja mwisho. Kwanza utaona vivuli vya kahawia, na wengi hapa hushtuka wakidhani limechafuka. Hao ni vimwani wanaorudi. Rangi kamili inaweza kuchukua wiki nne hadi kumi na mbili.

Likishashika rangi, lipandishe ngazi moja kila wiki, au ongeza taa kidogo kila wiki, kwa wiki nne. Likianza kufifia tena, rudi ngazi moja ukae hapo.

Umeme ukikatika katika kipindi hiki, hewa itangulie. Washa pampu ya betri mara moja, usishughulike na taa, usilishe. Waliokuwa na matangi Unguja tangu Disemba 2009, umeme ulipokosekana mpaka Machi 2010, wanajua betri moja ya akiba ina thamani gani.

## Likishindikana

Kuna matumbawe hayatapona, na kuna mambo mawili usiyafanye kwa huruma.

La kwanza, usilirudishe baharini. Tumbawe gonjwa hubeba maradhi na wadudu ambao mwamba wetu huenda hauwajui. Hata maji ya tangi usiyamwage ufukweni. Yamwage nchi kavu, mbali na kisima.

La pili, usiende kutwaa jingine mwambani kuziba pengo. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ni hifadhi tangu 1994, na matumbawe yote magumu yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Tafuta kipande kilichokuzwa tangini na mwenzako. Hicho kimeshazoea maisha ya kioo, na mara nyingi ni kigumu kuliko kilichong'olewa.

Kiunzi kilichobaki, baada ya kuhakikisha hakina nyama wala Palythoa juu yake, kiloweke katika ndoo ya maji ya bahari yenye pampu ya hewa kwa wiki nne, ukibadilisha maji kila wiki, mpaka amonia isome sifuri. Kisha kirudishe tangini kama jiwe, na kipande kipya ukibandike juu yake.